Paa Limepakwa na Bado Linavuja: Namna ya Kusoma Dalili za Mpako wa Kuzuia Maji

Wateja wengi wa Kampala wenye paa bapa la zege huanza na swali moja: "Fundi, tupake dawa gani?" Tayari mwenye nyumba ametoa pesa mara mbili, ndoo tupu zimejaa stoo, na dari ya chumba cha kulala bado ina doa la manjano linalokua kila msimu wa mvua. Swali la dawa linakuja baadaye. Mpako unaonyumbulika, uwe wa simenti iliyochanganywa na polima, wa akriliki au wa poliyurethani, ni tabaka la milimita 1 hadi 2 juu ya zege. Hauwezi kunyoosha mteremko ulioharibika, hauzibi bomba lililotoboka, na haushikilii nyumba inayotitia. Kabla hujanunua ndoo nyingine, jua maji yanaingilia wapi na yanasukuma kutoka upande gani.

Kwanza hakikisha ni mvua

Dari ikidondosha maji Januari, jua kali na hakuna wingu, achana na paa. Funga mabomba yote ya nyumba uangalie mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Ikitulia, mimina maji yenye rangi ya chakula kwenye bafu la ghorofa ya juu. Rangi ikijitokeza chini, shida iko kwenye sakafu ya bafu au bomba la maji machafu.

Kama kweli ni mvua, usiliamini doa. Maji yakishapenya mpako hutembea kati ya plasta ya mteremko na slebu (bamba la zege la paa), huingia kwenye mabomba ya nyaya za umeme, yakaja kutokea kwenye taa mita kadhaa kutoka pale yalipoingilia. (Yakitokea kwenye taa, zima umeme wa chumba hicho kabla hujafanya jambo jingine lolote.) Njia ya kuyafuatilia ni kujaza maji juu ya paa kwa mafungu. Ziba tundu la kutolea maji, zungushia viroba vya mchanga sehemu moja, jaza sentimita 3 hadi 5, subiri saa 24 hadi 48, kisha hamia sehemu nyingine. Kumbuka kwamba maji ya kina cha sentimita 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo slebu kuukuu yenye nyufa pana usiijaribu hivyo bila mhandisi kuiona.

Slebu ikishika maji siku mbili bila hata tone kushuka, geukia kuta fupi za pembezoni. Elekeza mpira wa maji juu ya parapeti, halafu ubavuni, kila mahali kwa muda wa kutosha. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa: sakafu ya paa inapakwa tena na tena wakati maji yanaingilia juu ya ukuta wa matofali ambao plasta yake imepasuka, yanashuka ndani ya ukuta, yanapita chini ya mpako mzuri kabisa. Mpako unatakiwa kupanda ukutani sentimita 15 angalau, na kichwa cha parapeti nacho kifunikwe. Pale sakafu inapokutana na ukuta, jaza kwanza kona kwa mota nzito yenye mlalo, sentimita 4 au 5 kila upande. Kona kali ya nyuzi 90 haipokei mpako wa unene unaofaa, na ndiyo ya kwanza kuchanika.

Angalia pia mambo ya juzi juzi. Aliyefunga dishi la televisheni au fremu za sola alitoboa wapi? Bolti moja iliyopita katikati ya mpako inatosha kulowesha chumba kizima.

Malengelenge yametokea

Chukua kisu kikali, pasua lengelenge moja uangalie ndani. Ukikuta maji, zege lilikuwa bichi au limelowa wakati wa kupaka, au kuna njia nyingine ya maji kuingia chini, mara nyingi parapeti niliyoitaja. Zege jipya lisipakwe kabla ya siku 28. Zege la zamani lililonyeshewa mwezi mzima wa Aprili halikauki kwa asubuhi moja ya jua, hata kama juu linaonekana jeupe. Kipimo chake ni rahisi: kata karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike juu ya zege kwa utepe pande zote nne, iache kutwa na usiku, saa 16 na zaidi. Ukiikuta na matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, subiri.

Lengelenge likiwa kavu ndani, tatizo ni hewa. Zege lina vinyweleo vyenye hewa. Jua likipanda, slebu inapata joto, hewa inatanuka na kutafuta njia ya juu, na kama mpako haujakaza, inauinua au inautoboa. Vile vitundu vidogo vya ukubwa wa ncha ya sindano vinavyotapakaa kwenye tabaka la kwanza vina chanzo hichohicho. Ndiyo maana mpako hutakiwa kupakwa zege linapopoa, jua likishaanza kushuka.

Hapo ndipo Uganda inapomchanganya fundi, maana katika miezi ya mvua saa tisa alasiri ndiyo saa ya radi Kampala, na kule Entebbe mvua ya ziwani inaweza kukupata asubuhi na mapema. Sioni ujanja zaidi ya kuchagua msimu. Ukanda wa Kampala, Masaka na Jinja una nafasi mbili: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Julai. Gulu na Arua, ambako msimu wa mvua ni mmoja mrefu kuanzia kama Aprili, usipange kazi ya paa la wazi nje ya Desemba hadi Februari. Mtu akikuambia dawa yake inapakwa mwaka mzima, muulize ataifunika na nini ikinyesha.

Katika zile aina tatu, mpako wa simenti na polima ndio usioogopa unyevunyevu wa zege. Tena zege linapaswa kuloweshwa kabla, kisha maji yanayong'aa juu yafutwe, ili lisinyonye maji ya mchanganyiko. Poliyurethani ni kinyume chake. Kemikali zake zikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na utaona povu dogodogo limeganda ndani ya tabaka lenyewe. Ukiliona povu hilo, tafuta maji: rola iliyooshwa ikatumika ikiwa mbichi, manyunyu, au umande wa usiku.

Malengelenge machache hukatwa hadi pale mpako unaposhika vizuri, pakaushwe, papakwe praima (dawa ya kwanza ya kushikisha mpako), kiraka kipite sentimita 10 juu ya mpako mzima. Yakiwa yametapakaa paa zima, viraka havitamaliza kazi. Bandua lote.

Unabanduka kwa vipande vikubwa

Usiutupe ule uliobanduka. Geuza kipande uangalie tumbo lake, kwa sababu kisa kizima kimeandikwa pale. Ukikuta vumbi na chembe za mchanga, paa lilifagiliwa tu, halikuoshwa. Ukikuta tabaka jembamba la kijivu linalosagika kwa ukucha, hiyo ni simenti dhaifu iliyopanda juu siku ya kumwaga slebu, wakati zege lilipoongezewa maji ili limwagike kwa urahisi. Mpako umeishika vizuri kabisa, ila yenyewe haikulishika zege. Dawa ni kuikwangua kwa grainda au brashi ya waya ya mashine hadi mchanga wa zege uonekane. Ukikuta rangi ya zamani imeng'oka pamoja, mpako ulipakwa juu ya kitu kilichokuwa tayari kinaachia. Na tumbo likiwa safi, laini, linang'aa, zege lilikuwa limesuguliwa kwa simenti kavu hadi likateleza, au lilikuwa na mafuta, au praima ilirukwa.

Kabla ya kupaka upya juu ya mpako unaoonekana mzima, kata alama ya msalaba kwa kisu, bandika utepe wenye gundi kali, uvute kwa nguvu. Kona zikiinuka, hapafai kupakiwa juu.

Unapasuka wenyewe, au unene haupo

Kata kipande ukipime kwa rula. Mpako wa simenti na polima hutumia takriban kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba ili kufikia milimita 2, katika matabaka mawili yanayokatana, la kwanza kwa urefu wa paa, la pili kwa upana. Paa la mita za mraba 40 linataka kilo 120 hadi 160. Fundi akisema, "Boss, mali imetosha na nyingine imebaki," mwombe mifuko mitupu muihesabu pamoja. Hesabu hiyo haina ubishi.

Kuna mambo mawili ya kurefusha mali ambayo huyaoni kwa macho mpaka mwaka upite. Mpako huu huja kama seti ya unga na polima ya maji. La kwanza ni kuongeza maji kwenye hiyo polima, ambapo mpako unakauka ukiwa na vinyweleo. La pili ni kuongeza simenti ya kawaida kwenye unga, ambapo mpako unakuwa mgumu kama plasta na kupasuka kama plasta. Changanya seti nzima kwa seti nzima, kwa drili ya mwendo wa polepole, na usikoroge zaidi ya unachoweza kupaka kabla hakijaanza kukaza. Kwenye joto muda huo ni mfupi, dakika 30 hadi 60, na kuufufua kwa maji ni kuuua.

Mpako wa lami ulioachwa juani una dalili yake ya peke yake: unakauka, unapoteza mng'ao, unapasuka vipande vidogovidogo paa zima. Hapo hakuna fumbo. Lami nzuri yake ni chini ya udongo, kwenye msingi. Jua la ikweta linaikausha. Na mpako unaobaki ukinata wiki nzima ulichanganywa kwa vipimo vya kukisia. Hautakauka kesho. Kwangua.

Ufa umerudi palepale

Hili ndilo linalowaumiza watu, kwa sababu ndoo imeandikwa inarefuka asilimia 100. Wanauliza: mpira gani huu unaokatika?

Fuata hesabu. Ufa ulikuwa na upana wa milimita 0.2 siku ya kupaka. Mpako umeshikana na zege hadi ukingoni kabisa mwa ufa, kushoto na kulia. Ufa ukifunguka kufikia milimita 0.6, sehemu ya mpako iliyo huru kurefuka ni ile milimita 0.2 tu iliyokuwa juu ya uwazi, nayo inatakiwa kurefuka mara 3. Maandishi ya kwenye ndoo yanaahidi mara 2. Lazima ukatike. Sasa weka utepe usioshikana na mpako, wa upana wa milimita 20, juu ya ufa huohuo kabla ya kupaka. Milimita 0.4 zilizoongezeka zinagawanywa juu ya milimita 20 za mpako ulio huru, ambayo ni asilimia 2. Mpako hauhisi kitu.

Na ufa unatembea kweli. Slebu ya mita 10 ikibadilika joto kwa nyuzi 30 inabadilika urefu kama milimita 3. Saa saba mchana paa la Kampala lina joto la kuunguza nyayo. Saa tisa mvua inashuka, slebu inapoa ghafla na kujikunja, nyufa zinafunguka. Yaani ufa unakuwa mpana zaidi wakati uleule maji yanapokuwa juu yake. Ndiyo maana ufa ulioukagua mchana mkavu ukauona umejifunga usikudanganye.

Kujua kama unatembea, paka donge la jasi lenye ukubwa wa sarafu kuvuka ufa, andika tarehe ubavuni, rudi baada ya mvua kadhaa. Likibaki zima, wavu wa fibaglasi ndani ya tabaka la kwanza unatosha. Likikatika, fungua ufa kwa grainda hadi upana wa sentimita 1, puliza vumbi, laza kamba ya povu chini, jaza silanti (gundi laini ya kujazia nyufa) ya poliyurethani ili ishike kuta mbili na isishike sakafu ya mfereji, weka utepe juu, ndipo upake.

Kuna nyufa ambazo si za mpako hata kidogo. Pitisha kidole: ukihisi upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au ufa unashuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha ukipanuka, msingi unasogea. Huko Karamoja kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa hili ni la kawaida, na upande wa Fort Portal na Bundibugyo kuna matetemeko ya mara kwa mara. Lile la Kabarole la 1994 bado watu wanalikumbuka. Mwite mhandisi, usinunue ndoo.

Mpako umekuwa laini pale maji yanapotuama

Akriliki nyingi hazivumilii kukaa ndani ya maji siku nyingi. Hulainika, hupauka, kisha huachia. Kabla ya kulaumu dawa, panda juu baada ya mvua. Dimbwi likiwepo bado baada ya siku mbili, mteremko haupo. Unahitaji angalau 1 kwa 80, yaani milimita 12 na nusu kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Rekebisha kwa mota kwanza, au tumia aina inayokubali maji ya kutuama.

Wakati mwingine mteremko uko sawa ila tundu limeziba. Majani ya mifenesi, mifuko ya kaveera, na wale ndege kaloli: wakijenga juu ya jengo lako, vijiti vya kiota na kinyesi chao vitaziba mfereji kabla msimu haujafika katikati. Paa la Kampala likaguliwe Februari na Julai, kabla mvua hazijaanza.

Madoa ya kutu yanapita kwenye mpako

Usipake juu. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, na msukumo wake unapasua zege kutoka ndani. Mpako mpya utapasuliwa pamoja nalo. Gonga kwa nyundo kuzunguka doa. Sauti ya utupu inakuonyesha eneo lilikoishia. Vunja hadi nyuma ya nondo kwa sentimita 2 hivi, isugue mpaka ing'ae, ipake dawa ya kutu, jaza mota ya ukarabati, iache ikomae ikiwa na unyevu, kisha ndipo mpako. Nondo ikiwa imeliwa mpaka jicho linaona imepungua, hiyo ni kazi ya mhandisi.

Chanzo chake hapa kwetu mara nyingi ni nondo kuwekwa juu juu bila vitegemeo vya kuipa zege la kutosha kuifunika. Chumvi ya baharini hatuna, ila anayejenga karibu na ziwa la chumvi la Katwe achunguze mchanga na maji anayotumia, kwa sababu chumvi hiyo inakula chuma vilevile.

Ukuta wa kilimani unatoa unga mweupe na mpako unavimba

Muyenga, Makindye, Naguru: nyumba imechimbwa ubavuni mwa kilima, ukuta wa nyuma umebeba udongo, na ndani mpako unaonyumbulika unatoka kama mifuko ya maji. Huko maji yanasukuma kutoka nyuma ya mpako. Tabaka laini lililopakwa ndani halina kinacholiegemeza, linasukumwa nje. Unga mweupe ni chumvi ambazo maji yamezibeba kutoka kwenye zege na kuziacha yalipokauka. Uondoe kwa brashi kavu, kwa sababu ukiuosha kwa maji sehemu yake inarudi ndani.

Mahali pa mpako unaonyumbulika ni upande wa udongo, ukiwa umelindwa usichanwe na mawe, na chini yake mfereji wa kokoto na bomba lenye matundu la kuyaongoza maji yakatokee nje. Kama kuchimba nyuma hakuwezekani, ndani tumia mota ngumu ya simenti ya kuzuia maji au aina inayoota fuwele ndani ya vinyweleo vya zege, na bado tafuta namna ya kuyapa maji njia ya kutokea. Mabondeni kama Bwaise, ambako maji ya ardhini yako karibu, sakafu nayo inasukumwa vivyo hivyo kutoka chini.

Tangi la zege linapungua maji

Lami usiiweke kwenye maji ya kunywa. Tumia mpako ambao mtengenezaji ameandika wazi kuwa unafaa kwa maji ya kunywa, uache ukomae siku alizozitaja, kisha jaza, mwaga maji ya kwanza na usugue kabla ya kutumia. Na hakuna mtu kuingia tangini peke yake: mivuke ya praima yenye tina (kiyeyushi cha rangi) inaangusha mtu kabla hajaomba msaada.

Kupata tundu, jaza tangi, funga kila kitu, funika, chora mstari wa kiwango cha maji asubuhi na jioni. Maji yakishuka kisha yakagoma kushuka zaidi, tundu liko kwenye kimo hicho au juu yake kidogo, kwa hiyo kagua mzunguko wote wa mstari huo. Yakishuka hadi chini kabisa, anza na pale bomba la kutolea linapopita ukutani. Plastiki haishikani na simenti, na mpako uliopitishwa juu ya bomba bila kuchimba mfereji mdogo kulizunguka na kuujaza silanti utaachia hapo kwanza.